Magauni Kumi na Mawili

Mlinzi wa zahanati alitaka kujua anatoka kampuni gani.

"Natoka nyumbani," alisema mama aliyebeba furushi.

Mlinzi akainua kalamu kutoka kwenye daftari la wageni. "Hapa kuna mstari wa jina, mstari wa kampuni, na mstari wa unayemtaka. Nyumbani si kampuni, mama."

"Basi andika fundi."

"Fundi wa kampuni gani?"

Kwa miaka kumi na minne swali hilo lisingemsumbua. Angetaja kiwanda cha nguo na geti lingefunguka lenyewe. Sasa ilikuwa wiki ya sita tangu aache kazi kwa hiari yake, kwa barua aliyoiandika mwenyewe na kuirudia mara tatu ili isiwe na matusi. Watu walimwambia mengi kuhusu kujitegemea, lakini hakuna aliyemwambia kwamba hata mlinzi atataka kukuona umesimama nyuma ya mtu.

"Andika Kampuni ya Mkasi," alisema. Mkasi ndilo jina walilompa wenzake wa meza ya kukatia, kwa sababu alikuwa akikata tabaka arobaini za kitambaa kwa mpigo mmoja bila mkono kutetemeka.

Mlinzi akaandika, akapiga mstari chini yake, akaridhika. Watu wengine shida yao ni nafasi iliyo wazi tu.

Ndani ya furushi mlikuwa na magauni kumi na mawili ya wauguzi, rangi ya samawati, kola nyeupe, yamepigwa pasi na kukunjwa mpaka yakalingana kama matofali. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu ajitegemee. Jengo jipya la mama na mtoto lilikuwa linafunguliwa Jumatatu, wageni wameshaalikwa, na Metroni, mkuu wa wauguzi, alitaka watu wake wawapokee wakiwa na sare mpya. Leo ilikuwa Jumatano. Mkasi alijua amekata vizuri. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na njiani alikuwa ameshaanza kuifikiria kazi ya pili.

Metroni alikuwa mwanamke mrefu, funguo kiunoni, mwenye sauti ya kumwita mgonjwa aliye mwisho wa korido. Alipapasa kola, akageuza gauni ndani nje, akatafuta uzi uliolegea asiupate.

"Kazi safi," alisema. "Haya, vaeni tuone."

Kila muuguzi akachukua gauni lenye jina lake, wakaingia nyuma ya pazia wawili wawili. Wa kwanza alitoka limemkaa sawasawa, na wa pili vilevile. Wa tatu, msichana mwembamba wa mapokezi, alitoka amelishika gauni kiunoni kwa mikono miwili lisije likamwacha.

"Humu ndani tungeingia wawili," alisema, "na mgonjwa katikati."

Watu wakacheka, na Mkasi naye akacheka kidogo. Wa tano alitoka vifungo vya kifua vinamwangalia kila mtu kwa hasira. Hapo Mkasi akaacha kucheka.

Aliyebaki nyuma ya pazia ni yule waliyemwita dada wa chanjo, mnene, mcheshi, kipenzi cha watoto kwa sababu aliwachoma sindano huku akiwaimbia. Yeye hakutoka.

"Toka tukuone," Metroni akaita.

"Bado."

"Bado nini? Vifungo vyenyewe sita tu."

"Metroni, hebu niacheni kidogo."

Mwenzake mmoja akavuta pazia, kwa utani tu. Dada wa chanjo alikuwa amesimama mkono mmoja umeingia, wa pili umekwama kwapani, mgongo wote nje. Kicheko kikalipuka. Naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, halafu akageukia ukutani. Mkasi, aliyekuwa upande wa dirisha, aliyaona macho yake yakijaa machozi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Zoezi lilipokwisha, magauni matano yalikuwa yamekaa, matatu yalikuwa makubwa, na manne yalibana.

"Hii ni nini?" Metroni aliuliza.

Mkasi akatoa karatasi mkobani. "Nimekata nilichoandikiwa, Metroni. Orodha uliyonipa hii hapa. Aliyeandika kumi na nne nimemkatia kumi na nne. Leta futi upime, kama utakuta hata nusu inchi imepotea."

Na kweli hakuna hata nusu inchi iliyopotea. Kiwandani karatasi ilishuka kutoka ofisini, namba kumi na mbili magauni mia, namba kumi na nne magauni mia mbili, naye akakata. Alikuwa amevisha nusu ya mji na hakuwahi kumpima mtu hata mmoja. Ndiyo maana Metroni alipomuuliza anahitaji nini ili aanze kazi, alijibu, "Namba zao tu." Metroni akabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, kila muuguzi ajiandikie, wenzake wakiangalia. Mnene akaandika namba aliyokuwa nayo kabla ya kujifungua mtoto wa pili. Mwembamba, aliyechoka kuulizwa kama anaumwa, akajiongezea mbili. Karatasi ikajaa uongo wa kila aina, na Mkasi akaukata wote kwa usahihi mkubwa.

Metroni hakuigusa ile orodha. "Mimi sikuita karatasi," alisema. "Niliita fundi."

Aliyasema hayo mbele ya wauguzi kumi na wawili, hata yule mwembamba aliyekuwa ameshika kiuno aliinamisha macho. Kiwandani Mkasi angesema muulizeni msimamizi. Hapa msimamizi alikuwa nani?

"Jumamosi saa nne asubuhi," Metroni aliendelea. "Yakiwa hayajawakaa, watavaa sare zao za zamani, hela ya ufundi usiihesabu, na mimi na wewe tutakuwa tumemalizana."

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa imeliwa na meza ya Mkasi. Haikuwa meza hasa. Ulikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu ya mbao, umesuguliwa kwa msasa mpaka ukawa laini kama kiganja. Mama mkwe wake alilazimika kupita ubavu ili afike kwenye kiti chake, na kila alipopita aliguna ili isisahaulike.

Mama mkwe huyo alikuwa hajamsamehe kwa kuacha kazi. Mshahara wa mwanawe, dereva wa basi la shule, ulitosha kodi na chakula. Ule wa kiwandani ndio ulionunua dawa zake za presha na kulipa ada ya mjukuu. Wiki sita walikuwa wanaishi kwa akiba, na akiba ilikuwa inafika mwisho pamoja na mwezi. Majirani walipouliza mbona mkwe yuko nyumbani, mama aliwaambia yuko likizo. Jirani mmoja mwenye mdomo alishamuuliza ni kiwanda gani hicho kinachotoa likizo ndefu kuliko ya uzazi.

Mkasi aliliweka furushi juu ya meza. Lilikuwa limepungua, kwa sababu yale matano yaliyokaa yalibaki zahanati, na mume wake aliliona hilo kabla hajasema lolote. Alikuwa anakunywa chai, kofia ya kazi bado kichwani.

"Msimamizi wako amepiga simu," alisema.

"Sijaona simu yake."

"Amenipigia mimi."

Mkasi akakaa. "Wewe? Kwani mkasi alikuwa anaushika nani?"

"Ndivyo na mimi nilivyojiuliza. Anasema nafasi yako anaishikilia mpaka Ijumaa jioni, baada ya hapo anaajiri mtu mwingine. Anasema nikushauri."

"Haya, nishauri."

Mume akavua kofia, akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalimtoka kwa tabu. "Mimi ninachojua ni kuendesha basi," alisema mwishowe. "Lakini zahanati wamesemaje?"

Mkasi akawaeleza yote, mume na mama mkwe, bila kujipunguzia. Alieleza karatasi ya ubaoni, pazia, mkono uliokwama, na maneno ya Metroni. Alipofika kwenye yale maneno, alichukua chai ya mumewe akanywa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa geni. "Sasa wakati unawapima," aliuliza, "hukuona kwamba huyu ni mnene?"

"Sikuwapima, mama."

"Hukufanya nini?"

"Sikuwapima. Kiwandani hatupimi watu."

Mama akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, halafu akacheka mpaka akashika ukingo wa meza aliyoichukia. "Miaka kumi na minne," alisema akijifuta macho. "Miaka kumi na minne nawaambia watu mkwe wangu ni fundi. Fundi hajapima mtu!"

Siku nyingine Mkasi angeinuka akaingia chumbani. Leo alikaa, kwa sababu alichekwa kwa haki. "Nitawapima kesho," alisema. "Shida ni kwamba hawatakubali. Yule dada wa chanjo nimemwaibisha mbele ya wenzake. Nikimwendea na futi, atanifukuza, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo."

"Futi ya nini?" mama akauliza. "Nani kakwambia umsomee namba?"

Akanyoosha mkono kwenye rundo la magazeti ya kufungia, akachana ukingo mmoja ukawa ukanda mrefu, mwembamba. Akasimama. Akajizungusha ule ukanda kifuani juu ya khanga, akabana mahali ncha zilipokutana.

"Kata hapo."

Mkasi akachukua mkasi, akatia mkato mdogo.

"Kifua mkato mmoja," mama akasema. Akaushusha ukanda kiunoni. "Kiuno miwili. Nyonga mitatu. Mimi nilipokuwa msichana nilikuwa mnene, mnajua? Huyu hajui, alinikuta nimeshakonda." Alimaanisha mwanawe, na ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kulisikia hilo. "Fundi wetu hakuwa na futi, alikuwa na magazeti. Anakuita peke yako, anafunga mlango, anakuzungushia ukanda, anakata, anaandika jina lako, basi. Hata yeye hajui wewe ni namba ngapi. Gauni likija, limekukaa. Mtu hana cha kukucheka."

Akauweka ukanda mezani na kurudi kwenye kiti chake, ubavu ubavu, bila kuguna.

*

Alhamisi, kabla wauguzi wa asubuhi hawajapokea zamu, Mkasi alikuwa mlangoni kwa Metroni na mambo mawili.

La kwanza, alitaka chumba chenye mlango.

"Wapime hapa hapa," Metroni alisema bila kuinua uso kwenye jedwali la zamu. "Watu wazima hawa."

"Hapa hapa ndipo karatasi ilipobandikwa, Metroni."

Metroni akainua uso. Hakuzoea kujibiwa, hasa na mtu aliyeharibu jana. Mkasi hakuyarudisha maneno yake. Metroni akachomoa ufunguo mmoja kwenye kile kichala cha kiunoni. "Stoo ya mashuka. Na la pili?"

"Kitambaa chenu kimebaki mita nne. Naomba nikitumie kurekebishia."

"Kimebaki?" Metroni sasa aliweka kalamu chini. "Fundi gani anabakiza kitambaa? Kila fundi niliyemjua, ukimpelekea mita tano anakwambia imepungua moja."

"Mimi sikati ovyo," Mkasi alisema, na hilo alilisema kwa raha, kwa sababu lilikuwa kweli.

Stoo ilinuka sabuni na jua. Alianza na wale watano ambao magauni yalikuwa yamewakaa, ili zoezi lionekane la kawaida, halafu wale wembamba, halafu wanene. Kila aliyeingia alifunga mlango, akainua mikono, akatoka na uso wa mtu aliyetua mzigo. Mmoja alimwambia kwamba gauni lake la harusi lilimbana mpaka akashindwa kula, na hajawahi kumwambia mtu. Mwingine alitaka tu aongezewe mfuko, kwa sababu mkasi wa bandeji unamtoboa. Mkasi alishangaa. Kiwandani kitambaa hakikuwahi kumwambia kitu.

Dada wa chanjo hakuja. Mkasi akamfuata kwenye chumba chake, akamkuta anapanga vichupa kwenye jokofu.

"Mimi nitavaa la zamani," alisema akiwa amempa mgongo. "Jumatatu nitakaa huku ndani, wageni wasinione. Nimeshamwambia Metroni."

"Kosa lilikuwa langu, dada."

"Kosa lako liko wapi? Niliandika mwenyewe. Kumi na nne." Akacheka kile kicheko chake kikubwa. "Kumi na nne niliiacha darasa la saba."

"Uliandika kwa sababu nilikuuliza vibaya. Mtu haulizwi hivyo."

Dada wa chanjo akageuka. Mkasi alikuwa ameshika ukanda wa gazeti, na si futi.

"Hiyo nini?"

"Ndiyo kipimo. Hakina namba. Ukitaka, funga macho na mimi nifunge."

"Na wewe ukifunga utakata shingo." Lakini alikuwa ameshafunga jokofu. Alikwenda mlangoni, akachungulia korido, akaufunga. Alipoinua mikono, Mkasi aliona alama nyekundu kwapani pa kulia, pale gauni la jana lilipomkwaruza, akaona haya upya. Aliuzungusha ukanda taratibu. Haukutosha. Mkasi alitoa wa pili mfukoni, akauunganisha kwa pini kama ndivyo ifanywavyo siku zote, akatia mkato mmoja, miwili, mitatu.

"Na mkono," alisema. "Inua kama unachukua kichupa rafu ya juu. Ndiyo. Hapo ndipo nilipokosea sana."

Dada wa chanjo alibaki mkono uko juu. "Huwa nashonewa nguo za kusimama tu," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nanyanyua mikono."

*

Nyumba nzima ikaingia kazini. Mama mkwe alifumua mishono kwa wembe, miwani puani, akinung'unika kwamba mishono imekaza kama imeshonwa na adui. Binti wa Mkasi, aliyekuwa darasa la sita, alitoa vifungo na kuvirudisha akitoka shule. Yale matatu makubwa yalikuwa mchezo. Ukishajua pa kupunguza, unapunguza. Manne ya kubana ndiyo yaliyotaka akili. Mkasi alitandika zile mita nne juu ya meza, akapanga kanda za magazeti juu yake, akazipanga tena. Migongo minne mipya ilihitajika, na kwa dada wa chanjo mikono miwili pia. Alizunguka meza mara tatu. Akageuza mgongo mmoja kichwa chini ili mabega yaingie kwenye kiuno cha mwenzake, nafasi ya mkono ikapatikana, na ya mkono wa pili ikapatikana pembeni, na kilichobaki hakikutosha hata leso. Hapo alitabasamu peke yake. Kazi hii aliijua. Aliijua kuliko mtu yeyote katika kile kiwanda, na kiwanda kilikuwa kimemlipa miaka yote sawa na aliyeanza juzi.

Ijumaa saa kumi na moja jioni simu ya mumewe ikalia. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na aliiangalia kwa muda kabla ya kuipokea.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Shikamoo. Ndiyo, nimemfikishia... Hapana, sijamshauri." Akasikiliza. "Sikiliza, mzee. Namba yake si unayo? Basi mpigie yeye. Mimi ni dereva tu." Akakata, akaenda jikoni kutafuta maji kana kwamba hakuna kilichotokea, ila masikio yalikuwa yamemwiva.

Dakika mbili baadaye simu ya Mkasi ikaita katikati ya magauni.

"Mama, siku ndiyo hii," msimamizi alisema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kiwanda. "Jumatatu kuna oda kubwa. Njoo, tutasahau ile barua."

Mkasi aliangalia meza. Magauni kumi yalikuwa tayari, ukihesabu matano yaliyobaki zahanati. La kumi na moja lilikuwa na mgongo bila mikono. La dada wa chanjo lilikuwa bado vipande, na kesho saa nne hakuna aliyejua Metroni angesema nini. Mama mkwe alikuwa ameacha kufumua. Hakumtazama, alitazama wembe. Chupa ya dawa za presha ilikuwa dirishani, imebaki robo. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, na hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angemlaumu.

"Nashukuru, mzee, kwa kunisubiri," alisema. "Nafasi mpe mwingine. Yupo yule binti wa meza ya tatu, mkono wake mzuri, mpandishe. Lakini mkikwama na oda, niiteni kwa siku. Bei yangu ya siku ni hii." Akaitaja. Ilikuwa karibu mara tatu ya alivyokuwa akilipwa.

"Hiyo ni bei ya nani?" msimamizi aliuliza.

"Yangu."

Akaweka simu, akachukua mkasi. Mama mkwe alikohoa.

"Umeshamjibu?"

"Nimeshamjibu, mama."

"Haya." Mama akarudisha wembe kwenye mshono. "Basi majirani nitawaambia likizo imekwisha."

*

Jumamosi saa nne kasoro Mkasi alikuwa kwenye chumba cha wauguzi. Aliomba pazia lisitumike. Kila mmoja avalie stoo, peke yake, atoke akiwa tayari. Metroni alisimama mikono kifuani.

Wakatoka mmoja mmoja. Yule mwembamba wa mapokezi alitoka akitembea kama mtu mwingine, akajizungusha bila kuombwa. Aliyekuwa na vifungo vya hasira alivifunga vyote sita na kuinama, akavuta pumzi, akaketi, akainuka. Yule wa mfuko alitumbukiza mkasi wa bandeji, akapiga hatua mbili, akapunga mkono. Metroni alipita nyuma ya kila mmoja akigusa mabega, na kwa wawili alipiga magoti kuangalia pindo.

Dada wa chanjo alikuwa wa mwisho. Mlango wa stoo ulichelewa kufunguka. Wote walikumbuka Jumatano, na wengine walikuwa wanaona haya. Magauni kumi na moja yalikuwa yamekaa, lakini Mkasi alijua moyoni kwamba hili likigoma, mengine yote si kitu.

Akatoka. Kola imelala, vifungo vimetulia, kiuno kiko mahali pa kiuno. Alikuwa mnene vilevile, hakuna gauni linalobadilisha hilo, ila sasa alionekana mtu aliyevaa nguo yake. Alisimama katikati ya chumba akanyanyua mikono yote miwili juu kabisa, mpaka rafu ambayo haikuwepo. Hakuna kilichovuta.

Hakuna aliyecheka. Yule aliyevuta pazia siku ile alimsogelea, akamrekebisha kola ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Nisamehe, dada," alimwambia taratibu.

"Nenda zako huko," dada wa chanjo akamjibu, lakini aliuacha ule mkono ukae begani kwake.

Metroni akawatawanya wote, kuna wagonjwa. Chumba kilipobaki na watu wawili, akafungua droo, akatoa bahasha ya ufundi, akaiweka mezani. Mkasi akaipokea kwa mikono miwili.

"Jengo jipya lina wasafishaji, watu wa jikoni, na wakunga," Metroni alisema. "Thelathini na mmoja. Nao watataka sare. Bei ni hii hii?"

Mkasi alikuwa amelitarajia swali hilo tangu jana. Mara ya kwanza alipoulizwa bei, alisema Metroni utaona mwenyewe, na Metroni aliona kidogo.

"Hapana," alisema. "Itapanda kwa theluthi."

"Kwa lipi? Si uliharibu, ukarekebisha?"

"Niliharibu, nikarekebisha kwa jasho langu, na hilo silidai. Lakini ulichonunua mara ya kwanza kilikuwa kukata. Sasa kuna na kupima. Mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa. Thelathini na mmoja ni siku mbili za kupima tu, kabla sijagusa mkasi."

Metroni alimtazama kwa jicho lile lililowanyoosha wauguzi wa zamu tatu. Mkasi alimtazama na yeye. Nje mtoto alianza kulia, na mara sauti ya dada wa chanjo ikasikika ikimwimbia.

"Thelathini na wawili," Metroni alisema.

"Ulisema thelathini na mmoja."

"Nimehesabu vibaya." Alichomoa funguo kiunoni, akaziweka mezani. Bila zile funguo, sare yake ilionekana wazi ilivyokuwa, imembana mbavuni, imechanika kwapani na kushonwa kwa uzi usio wa rangi yake. "Vile vipimo vya magazeti unavyo hapo?"

"Ninavyo."

Metroni akaenda mlangoni, akaufunga mwenyewe, akarudi, akainua mikono.